Walioongoza Kabla ya Kura Kupigwa

Karibu kila msimu wa uchaguzi wa rais nchini Marekani huzaa mgombea ambaye, miezi kadhaa kabla ya kura ya kwanza, huzungumziwa kana kwamba chama chake kimekwisha kumteua. Mwishoni mwa mwaka 2003 alikuwa Howard Dean, gavana wa zamani wa Vermont. Mwaka 2007, kwa upande wa Republican, alikuwa Rudy Giuliani, aliyekuwa meya wa New York wakati wa mashambulizi ya Septemba 11. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2015 wengi walimtazama Jeb Bush, mtoto wa rais na ndugu wa rais, kwa macho hayohayo. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeshinda jimbo wakati bado anagombea.

Sababu zinazotolewa baada ya maanguko ya namna hii huwa ni za siku moja. Mgombea wa msimu mmoja alipiga ukelele jukwaani, wa msimu mwingine alilia, na mwingine tena alirudia sentensi ileile mara kadhaa katika mdahalo. Nimesoma na kusikiliza maelezo hayo kwa miaka mingi, na kadiri muda unavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuyatilia shaka. Ninavyoona mimi, wengi wa wagombea hawa hushindwa kwa sababu walijiandaa kwa uchaguzi wa taifa zima, ilhali uchaguzi wa kwanza wanaokutana nao ni wa mahali padogo, wenye wapiga kura wachache, kanuni zake za pekee, na watu waliozoea kuombwa kura ana kwa ana.

Kwa msomaji aliyezoea kuona mgombea wa urais akipitishwa na vikao vya chama, utaratibu huu unahitaji maelezo kidogo. Chama nchini Marekani humpata mgombea wake kwa kuhesabu wajumbe wa mkutano mkuu, na wajumbe hao hugawanywa jimbo baada ya jimbo kwa muda wa miezi kadhaa. Tangu mwaka 1972 jimbo la Iowa limekuwa likifungua dimba (kwa chama cha Democratic hadi mwaka 2020 tu) kwa mikutano ya wanachama inayoitwa kokasi, na New Hampshire, ambayo ina sheria inayoilazimu itangulie chaguzi nyingine za mchujo, hufuata siku chache baadaye kwa kura ya kawaida ya sandukuni. Wajumbe wanaogombaniwa huko ni wachache mno. Mwaka 2020, kati ya wajumbe 3,979 ambao chama cha Democratic kiliwagawa kwa kura za majimbo yote, Iowa ilikuwa na 41 na New Hampshire 24. Kwa hesabu tupu, mgombea angeweza kuyapoteza majimbo yote mawili vibaya sana na bado akawa hajapoteza kitu. Lakini hakuna anayehesabu hivyo, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Dean ndiye mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu kisa chake kinasimuliwa vibaya. Alikuwa mpinzani mkali wa vita vya Iraq wakati wagombea wengine wakubwa wa chama chake walikuwa wamepiga kura ya kumpa rais idhini ya kupigana. Kampeni yake ilikuwa ya kwanza kuonyesha nguvu ya intaneti katika kuchangisha: katika robo moja tu ya mwaka 2003 alikusanya takriban dola milioni 15, sehemu kubwa ikiwa michango midogo midogo. Desemba mwaka huo aliungwa mkono na Al Gore, makamu wa rais wa zamani, na mapema Januari akaungwa mkono na Tom Harkin, seneta wa Iowa mwenyewe. Usiku wa Januari 19, 2004, matokeo yalipotoka, seneta John Kerry alikuwa na asilimia 38, seneta John Edwards 32, na Dean 18.

Ukelele maarufu ulifuata baada ya hapo. Alipanda jukwaani kuwatia moyo vijana wake, akataja orodha ya majimbo watakayoyaendea, akamalizia kwa sauti iliyochezwa na televisheni usiku na mchana kwa wiki nzima. Ukimuuliza mtu leo ni nini kilichommaliza Dean, atakuigizia sauti ile. Lakini aliyepiga kelele jukwaani alikuwa tayari ameshika nafasi ya tatu, nyuma ya mtu wa pili kwa zaidi ya pointi kumi. Yaliyomwangusha yalikuwa yametendeka katika wiki zilizotangulia.

Kwanza, alikuwa ametumia wiki hizo kurushiana matangazo ya televisheni na Dick Gephardt, mbunge wa jimbo jirani la Missouri aliyekuwa ameshinda Iowa mwaka 1988, na wote wawili wakatoka wamechafuka. Gephardt aliambulia asilimia 11 na kuacha siasa za urais. Pili, iliibuka kanda ya kipindi cha televisheni cha Kanada cha mwaka 2000 ambamo Dean alisema kokasi zimetawaliwa na makundi yenye maslahi yake, kauli ambayo usingependa ifike masikioni mwa mtu wa Iowa wiki chache kabla hujamwomba atoke nyumbani usiku wa baridi kwenda kwenye kokasi hiyohiyo. Tatu, na hili kwangu ndilo zito zaidi, jeshi lake la kugonga milango lilikuwa la wageni. Walikuja vijana wapatao 3,500 kutoka kila pembe ya nchi, wamevaa kofia za rangi ya machungwa, wakatembea nyumba kwa nyumba kumweleza mkulima wa Iowa kwa nini wao, watu wa kutoka mbali, wanampenda Dean. Ari hiyo haikuwa na kasoro, ila haikuwa ari ya wapiga kura wa pale.

Kerry, ambaye mwishoni mwa 2003 wengi walikuwa wamekwisha kumzika, aliweka rehani nyumba yake ya Boston, akaikopesha kampeni yake dola milioni 6.4, na akahamishia nguvu zake Iowa. Aliwatafuta askari wastaafu, kundi ambalo kokasi za Democratic hazikuwa zimelizingatia sana. Siku za mwisho akatokea Jim Rassmann, askari ambaye Kerry alimwokoa mtoni Vietnam mwaka 1969, akasimama kumshuhudia. Sikatai kwamba bahati ilikuwapo. Hata hivyo, bahati ya aina hiyo ilimkuta mtu aliyekwisha kuweka watu wake mahali panapohusika.

Niliishi Iowa nikiwa mwanafunzi wa kigeni, na Januari 3, 2008 niliruhusiwa kuingia katika kokasi moja ya Democratic kama mtazamaji, ndani ya ukumbi wa shule. Ninavyokumbuka, hakukuwa na sanduku wala karatasi ya siri. Watu waliingia saa moja usiku, wakaenda kusimama kwenye kona ya mgombea wao, na wakahesabiwa mbele ya macho ya majirani zao. Katika vituo vingi, kona isiyofikisha asilimia 15 ya waliohudhuria ilionekana haifai, na watu wake walikuwa huru kuhamia kona nyingine. Dakika zilizofuata zilikuwa za kuwindana. Wafuasi wa wagombea wadogo walizungukwa na kubembelezwa na jirani, na kocha wa mtoto, na mwalimu wa zamani, kila mmoja akiitwa kwa jina lake. Niliwaona pia vijana wa kampeni waliotoka majimbo mengine wakiwa wamesimama pembeni, wamejaa maelezo ya sera kichwani, wasijue jina la mtu yeyote mle ndani. Sitasahau ile sura ya kutojua waanzie wapi.

Kanuni ile ya asilimia 15 ilikuwa ikimwadhibu mgombea wa namna fulani: yule mwenye wafuasi wakali lakini asiyekuwa chaguo la pili la mtu yeyote. Kura za maoni za kitaifa humuuliza mtu anampenda nani. Kokasi ilimuuliza pia, yule akishindwa, utakwenda kwa nani. Mwaka 2004 Dennis Kucinich, mmoja wa wagombea wadogo, aliwaomba wafuasi wake wamuunge mkono Edwards mahali ambapo wao wenyewe hawatafikisha idadi inayotakiwa, na Edwards alifaidika. Dean, aliyetumia mwaka mzima kuwasuta wenzake kwa vita vya Iraq, hakuwa na wa kumfanyia hisani hiyo.

Aliyeanguka usiku ule wa 2008 alikuwa Hillary Clinton. Alikuwa akiongoza tafiti za kitaifa kwa mwaka mzima, na Iowa akawa wa tatu kwa asilimia 29, nyuma ya Barack Obama mwenye 38 na Edwards mwenye 30. Watu wake walikuwa wameliona tatizo mapema. Mei 2007 ilivuja barua ya ndani ya naibu meneja wa kampeni yake, Mike Henry, akishauri waiache Iowa kabisa na kuelekeza fedha kwingine. Ushauri ulikataliwa, lakini uvujaji wenyewe uliwaambia watu wa Iowa kwamba katika ofisi za mgombea huyu kuna wanaowaona kuwa ni mzigo. Kisha ikaja hesabu ya watu. Kokasi ya 2004 ilikuwa imehudhuriwa na Wademocrat wapatao 124,000. Ile ya 2008 ilivutia karibu 240,000. Siku chache kabla, gazeti la Des Moines Register lilikuwa limechapisha utafiti wa kura za maoni wa Ann Selzer ukionyesha kwamba wengi wa watakaohudhuria wangekuwa wageni wa kokasi na kwamba Obama anaongoza. Kambi ya Clinton iliubeza utafiti huo. Ilikuwa imejiandaa kwa watu waliohudhuria safari zilizopita na wengine wachache, na waliofurika mlangoni walikuwa vijana na watu ambao hawakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote isipokuwa orodha ya Obama. (Sisi Waafrika Mashariki tulioko kule tulikuwa na televisheni mbili akilini usiku ule, kwa sababu Kenya ilikuwa inawaka kutokana na uchaguzi wa Desemba 27, na mtoto wa baba kutoka Kogelo alikuwa anashangiliwa Des Moines.)

Siku tano baadaye Clinton alishinda New Hampshire, asilimia 39 kwa 36. Wachambuzi wakasema ni machozi: siku moja kabla ya kura, katika mgahawa mmoja wa Portsmouth, sauti yake ilitetemeka alipoulizwa anawezaje kustahimili kampeni. Na hapa ndipo ninapokosa imani kabisa na maelezo ya siku moja, kwa kuwa katika jimbo hilohilo, mwaka 1972, ilisemekana machozi ndiyo yaliyomwangamiza seneta Edmund Muskie, aliyekuwa akiongoza upande wa Democratic. Alisimama nje ya jengo la gazeti la Manchester Union Leader, theluji ikimwangukia, akimtetea mkewe dhidi ya yaliyoandikwa na mchapishaji William Loeb, na waandishi wakaripoti kwamba alilia. Mwenyewe alishikilia kwamba ni theluji iliyoyeyuka usoni. Kama machozi humwinua mmoja na kumzika mwingine katika mji wa jirani, basi yanaeleza kidogo sana.

Tena Muskie hakushindwa. Alipata asilimia 46 na George McGovern 37. Lakini Muskie alitoka Maine, jimbo linalopakana na New Hampshire, na kila mtu alikuwa amekubali kwamba anapaswa kushinda kwa kishindo. Ushindi wa pointi tisa ukasomwa kuwa ni udhaifu, michango ikapungua, na McGovern ndiye aliyekuwa mgombea wa chama. Miaka minne kabla yake, rais aliyeko madarakani, Lyndon Johnson, alipata takriban asilimia 49 kwa majina yaliyoandikwa kwa mkono, kwa kuwa jina lake halikuwa kwenye karatasi, dhidi ya 42 za Eugene McCarthy. Hata yeye alishinda, na kabla ya mwezi Machi kwisha alikwisha kutangaza kwamba hatagombea tena. Upande wa pili yupo Bill Clinton wa mwaka 1992, aliyeachwa na Paul Tsongas kwa asilimia 33 kwa 25. Kwa kuwa kashfa zilikuwa zimemwandama na wengi walitarajia atoweke, alijitokeza usiku uleule kabla washindani wake hawajaongea vya kutosha, akajitangaza kuwa ni mtu aliyefufuka, na magazeti yakamkubalia. Hadi hapo, tangu 1952, hakuna aliyechaguliwa kuwa rais bila kushinda kwanza New Hampshire.

Kwa hiyo kushindwa mapema ni mambo mawili. Kuna kupata kura chache, na kuna kupata pungufu ya kile ambacho watu walikwisha kukuandikia. Mgombea anayejigamba kuwa hazuiliki hujipandishia kipimo mwenyewe. Ni jambo la kushangaza jinsi kampeni zenye washauri wa bei ghali zinavyorudia kosa hili, nadhani kwa sababu majigambo huleta wafadhili leo, na deni lake hulipwa Januari.

Wapo walioona njia ya mkato: kama Iowa na New Hampshire zina hatari hivyo, kwa nini tusiziruke? Giuliani alitumia fedha na muda New Hampshire, akaona hapati kitu, akarudi nyuma na kutangaza kwamba ngome yake ni Florida, ambayo ingepiga kura Januari 29, 2008. Florida ilikuwa na wastaafu wengi waliohamia kutoka New York, na katika karatasi hoja ilikuwa nzuri. Lakini kwa karibu mwezi mzima jina lake lilitajwa katika taarifa za habari kama la mtu aliyekuwa wa nne, au wa sita, na mpiga kura wa Florida ana televisheni kama watu wengine. Siku ilipofika alipata asilimia 15, nafasi ya tatu, na kesho yake akajitoa na kumuunga mkono John McCain. Mwaka 2020 meya mwingine wa zamani wa New York, Michael Bloomberg, aliruka majimbo manne ya kwanza, akatumia zaidi ya dola bilioni moja za mfukoni mwake, na ushindi wake pekee ulikuwa Samoa ya Marekani, visiwa vya Pasifiki. Mdahalo mmoja wa Las Vegas, ambamo Elizabeth Warren alimhoji kama wakili anavyomhoji shahidi, ulitosha kuonyesha kwamba alikuwa hajapitia mazoezi ambayo wenzake waliyapata kwa mwaka mzima katika kumbi za shule.

Fedha, kwa ujumla, hupewa sifa kubwa kuliko inavyostahili katika hatua hii. Kamati iliyokuwa nje ya kampeni yake rasmi na iliyomuunga mkono Jeb Bush ilikusanya zaidi ya dola milioni 100 katika nusu ya kwanza ya 2015. Iowa alipata chini ya asilimia 3. Katika mkutano mmoja wa New Hampshire alimaliza hoja yake, ukumbi ukakaa kimya, akalazimika kuwaomba wasikilizaji wapige makofi. Alijitoa Februari 20, 2016, usiku wa matokeo ya South Carolina. Fedha hununua matangazo, na Iowa na New Hampshire wakati huo hujaa matangazo hadi mtu anazima televisheni.

Ni kweli pia kwamba kupoteza mapema si lazima kuwe mwisho. Ronald Reagan alipoteza Iowa mwaka 1980 kwa George H. W. Bush, mwaka 1988 Bush huyo alikuwa wa tatu huko, nyuma ya Bob Dole na mhubiri Pat Robertson, kisha akaokolewa na New Hampshire, ambako gavana John Sununu alikuwa amemjengea nyumba imara. Kisa cha Joe Biden mwaka 2020 ndicho kikubwa kuliko vyote. Iowa wa nne, New Hampshire wa tano kwa asilimia 8 na ushei. Hata matokeo hakuyasubiri, alipanda ndege siku ileile kwenda South Carolina. Iowa na New Hampshire ni majimbo ya Wazungu kwa sehemu kubwa sana, ilhali Wamarekani Weusi ni zaidi ya nusu ya wanaopiga kura za mchujo za Democratic South Carolina, na hao walikuwa wamemjua Biden kwa miaka minane ya umakamu wa rais chini ya Obama. Februari 26 mbunge Jim Clyburn alimuunga mkono. Februari 29 alishinda kwa karibu asilimia 49. Siku tatu baadaye alichukua majimbo 10 kati ya 14 yaliyopiga kura siku hiyo.

Tofauti ya Biden na Giuliani, kwa maoni yangu, ni kwamba ngome ya Biden ilikuwa ya watu na ya Giuliani ilikuwa ya ramani. Wapiga kura Weusi wa South Carolina walikuwa na uhusiano na Biden uliodumu miaka. Wastaafu wa Florida walikuwa na kumbukumbu ya meya waliyemwona kwenye televisheni.

Ninakubali kwamba nadharia yangu haifiki kila mahali. Ron DeSantis, aliyekuwa gavana wa Florida, kabla ya kokasi ya Republican ya Januari 15, 2024, alifanya karibu kila kitu ambacho Giuliani na Bush hawakukifanya. Alizunguka kaunti zote 99 za Iowa. Aliungwa mkono na gavana Kim Reynolds. Alikuwa na kundi kubwa la wagonga milango. Alipata asilimia 21 dhidi ya 51 za Donald Trump, bila kushinda kaunti hata moja, katika usiku wa baridi kali ambapo Warepublican wapatao 110,000 tu ndio waliojitokeza. Unaweza kumlaumu kwa uzinduzi uliokwama mtandaoni, au kwa ugumu wake wa kuzungumza na watu. Lakini wapiga kura aliokuwa akiwaomba walikuwa tayari na mtu wao, Trump, wakati huo rais wa zamani, ambaye hakuhudhuria hata mdahalo mmoja wa mchujo, na kugonga mlango hakusaidii sana pale ambapo mwenye nyumba amekwisha kuamua. DeSantis alijitoa Januari 21, siku mbili kabla ya New Hampshire, na kumuunga mkono Trump.